Nani Ananunua Sindano? Siasa na Bohari katika Uzazi wa Mpango Tanzania



Nimepewa mada ya sera ya uzazi wa mpango nchini. Kwa ruhusa yenu nitaikata ibaki kipande. Sera tunazo, na zimeandikwa kwa ufasaha. Mwenye muda azisome. Ukimuuliza Mtanzania yeyote kuhusu jambo hili atakuambia rais gani alisema nini. Muulize nani amelipia kijiti cha kuzuia mimba kilichomo mkononi mwa mke wake, atakutazama tu. Nataka tukae kwenye swali hilo la pili. Kwa zaidi ya nusu karne tumebishana kuhusu idadi ya watoto, na muda wote huo bili tumewaachia wageni.

Huduma hii ilianza Dar es Salaam mwaka 1959, kabla ya uhuru, kwa juhudi za chama cha hiari ambacho leo tunakijua kwa jina la UMATI. Kilihudumia watu wa mjini, tena wachache. Serikali changa haikuwa na haraka na jambo hili, na si vigumu kuona kwa nini. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushee katika nchi yenye mapori ya kutembea siku nzima. Nani angemwelewa waziri anayesimama jukwaani kusema tumekuwa wengi?

Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aligusa suala hili kwa namna ambayo mpaka leo naiona bora kuliko nyingi zilizofuata. Alikubali kwamba ardhi ipo na nchi ni kubwa. Lakini alikumbusha kwamba watoto wanaoongezeka kila mwaka huanza kula, kuugua na kutaka shule miaka mingi kabla ya kushika jembe. Na kwamba kuzaa ni jambo tunaloshirikiana na wanyama, ilhali kulea na kusomesha ni wajibu wa binadamu peke yake. Hakumpangia mtu azae wangapi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1974, huduma za UMATI zikaanza kuingizwa katika kliniki za mama na mtoto za serikali. Programu ya taifa ikaja 1989, Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ikapitishwa 1992, ikaandikwa upya 2006 baada ya mkutano wa Cairo wa 1994 kuhusu idadi ya watu kuigeuza dunia kutoka kuhesabu vichwa na kuielekeza kwenye haki ya mwanamke kuamua.

Kuna sera nyingine ambayo watu hawaiiti sera ya uzazi, nami naipenda kwa sababu imejificha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, mara moja katika mzunguko wa miezi 36. Na mwajiri halazimiki kuitoa kwa malipo zaidi ya mara nne. Hapo serikali imesema kila kitu: pishaneni miaka mitatu, na watoto wanne wanatosha. Ila imemwambia karani na mwalimu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hana likizo ya kukatwa.

Wala habari ya kupishanisha watoto haikuletwa na meli. Bibi zetu walikuwa na neno kubemenda. Wazazi wakikutana mapema wakati mtoto bado ananyonya, mtoto hudhoofu, miguu hulegea, na majirani humtazama mama kwa jicho la lawama. Tiba ya kisasa haiungi mkono maelezo hayo ya ugonjwa, lakini utaratibu uliojengwa juu yake ulifanya kazi: mama alikwenda kwao, au alilala na mtoto, au mume alikuwa na mke mwingine, na ujauzito uliofuata ulisubiri. Waislamu nao wanaijua aya inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na masheikh wengi wanafundisha kwamba azili, yaani kumwaga nje, ilikuwapo zama za Mtume. Mama anayekwenda kliniki kutafuta nafasi ya miaka mitatu kati ya mtoto na mtoto anafanya jambo ambalo bibi yake angelielewa mara moja. Kilichobadilika ni kwamba mume hakai tena upande wa pili wa kijiji, na chumba cha kupanga ni kimoja.

Tukafika miaka ya 1990. Wenye umri wangu mnakumbuka Redio Tanzania na mchezo wa *Twende na Wakati*, ulioanza 1993, na dereva wa lori Mkwaju ambaye kila kituo alikuwa na mwanamke. Watafiti waliiacha Dodoma nje ya matangazo hayo kwa miaka miwili ya mwanzo ili walinganishe, na wakaona kwamba mchezo ule ulisukuma watu kliniki. Alama ya Nyota ya Kijani ikabandikwa kwenye milango ya zahanati ili hata asiyejua kusoma ajue humo ndani huduma ipo. Utafiti wa afya ya uzazi wa 1991–92 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni takriban asilimia 7. Mwaka 2004–05 walikuwa asilimia 20. Mwaka 2015–16, asilimia 32.

Halafu utafiti wa 2022 ukaleta asilimia 31.

Si anguko, lakini ni miaka saba ya kukanyaga mahali pamoja. Kumbukeni pia kwamba mwaka 2012, kwenye mkutano wa London kuhusu uzazi wa mpango, tuliahidi kufika asilimia 60 ifikapo 2015. Sijui mtu yeyote aliyeulizwa bungeni ahadi ile ilikwenda wapi. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa hataki mimba kwa sasa, au hataki tena kabisa, na hatumii njia yoyote. Hao ndio ninaowazungumzia. Anayetaka watoto wanane na mumewe ameridhika, simo katika mambo yake.

Jibu la haraka tulilozoea ni dini na mila. Lakini tazameni ramani ya utafiti wa 2015–16. Lindi, mkoa wenye Waislamu wengi, ndio ulioongoza nchi nzima. Zaidi ya nusu ya wanawake walioolewa walitumia njia za kisasa. Kusini Pemba, Waislamu pia, hawakufika mmoja kati ya kumi. Kitabu ni kimoja, kibla ni kimoja. Kwa maoni yangu, kusini mwanamke anasimama na ukoo wake: Wamwera, Wamakonde na Wayao ni watu wa uzao wa upande wa mama, na binti akiamua jambo la mwili wake hana foleni ndefu ya wakwe wa kuwaomba. Tukiendelea kuwalaumu masheikh na mapadri tunajipa kisingizio cha kutotazama mambo mengine. Nasema hivyo nikijua kwamba hospitali nyingi za Kanisa Katoliki hazitoi njia za kisasa, na kwamba katika baadhi ya wilaya hospitali hiyo ndiyo inayotegemewa na wilaya nzima. Hapo lawama naielekeza kwa anayepanga huduma za wilaya, kwa kuwa msimamo wa kanisa aliujua tangu mwanzo.

Sasa yale maneno ya wakubwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwaambia akina mama kwamba elimu ni bure, kwa hiyo vidonge wanaweza kuvitupa. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, alisema wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto, na mwezi huohuo Wizara ya Afya ikaagiza matangazo ya uzazi wa mpango yasitishwe redioni na kwenye televisheni. Mwaka 2019 akayarudia kwa lugha ya kuchekesha mkutano, akitolea mfano uchumi wa China. Rais Samia amekwenda kinyume. Baada ya sensa ya 2022 kutoa watu milioni 61.7 na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, amewaambia wananchi wapunguze kasi, kwa sababu madarasa na wodi haviwezi kukimbia namna hiyo.

Mimi namuunga mkono wa pili, na maneno ya wa kwanza yalifanya madhara: nesi wa kijijini anayesikia rais akiiita kazi yake uvivu hataiweka mbele. Lakini naomba mnivumilie niseme jambo lisilopendwa. Hotuba zote hizo zinamtazama mwanamke kutoka upande uleule. Mmoja alitaka watoto wake waongeze soko, mwingine anataka wasijaze madarasa. Mama mwenyewe hesabu yake ni ya mtoto aliye mgongoni.

Twendeni zahanati tukamwone. Ana mtoto wa miezi saba, ametoka nyumbani alfajiri, kadi yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Tarehe ya sindano ni leo. Kwenye benchi wamekaa wa chanjo, wajawazito na wenye homa, na nesi ni mmoja. Zamu yake inafika saa sita. Kabati linafunguliwa: vidonge vipo, kondomu zipo, sindano zimekwisha tangu wiki iliyopita na mzigo kutoka Bohari ya Dawa bado. "Njoo Jumatatu, mama." Jumatatu ni siku ya mnada, au mtoto anaharisha, au mume yuko nyumbani na hajui habari ya ile kadi. Mwongozo unaruhusu achomwe hata akichelewa hadi wiki nne, lakini hakuambiwa, kwa hiyo akikosa Jumatatu anadhani amekosa moja kwa moja. Akijitokeza baada ya miezi miwili, anaambiwa hawezi kupewa kitu mpaka aone hedhi, kwa sababu huenda ana mimba.

Hapa wanafunzi wa uuguzi na udaktari nawaomba mnisikilize vizuri, maana kesho mtakuwa nyuma ya meza ile. Kuna orodha ya maswali sita ya kumuuliza mwanamke ili kujua kwa uhakika wa kutosha kwamba hana mimba: kama alijifungua ndani ya wiki nne, kama hedhi ilianza ndani ya siku saba, na kadhalika. Ipo na haina gharama. Kipimo cha mkojo nacho kipo mahali pengi. Badala yake tunamrudisha akasubiri hedhi, na sindano hiyohiyo tuliyomchoma ndiyo iliyoikata. Anasubiri kitu ambacho huenda kisije kwa miezi, lakini mimba inaweza kuja kabla yake. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba wanawake wa eneo lile wana mwamko mdogo.

Na hofu zao tunaziita imani potofu, tunamaliza. Mwanamke anauliza: damu isipotoka, inajaa wapi? Ni swali la mtu mwenye akili. Linajibika kwa dakika moja: sindano inaufanya utando wa ndani ya mji wa mimba ubaki mwembamba, hakuna damu iliyojengeka, kwa hiyo hakuna ya kutoka. Anauliza kama sindano inaharibu kizazi. Haiharibu, lakini inachelewesha. Kwa wastani huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho hadi mwanamke kushika mimba. Aliyeambiwa hivyo mapema atapanga mambo yake. Aliyenyamaziwa atakaa miezi minane bila kushika mimba, wifi ataanza kunong'ona, na mtaa mzima utajifunza kwamba sindano inafunga kizazi. Zaidi ya theluthi moja ya wanaoanza njia fulani huiacha kabla ya mwaka kwisha. Wengi wao si watu waliokataa kitu. Walikikubali, kikawashtua, na hapakuwa na mtu wa kuwaeleza.

Kwa vijana nitapita haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo, ila kwa kuwa unafiki wake unaonekana bila miwani. Mwongozo wa wizara unasema huduma ni kwa kila mwenye umri wa kuzaa, awe ameolewa au hapana, awe na mtoto au hana, wala haudai barua ya mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ziliposema hilo linakwenda kinyume cha Katiba. Na bado binti wa miaka 16 mwenye pete anakaribishwa kliniki kama mama, na mwenzake wa darasa moja asiye na pete anaulizwa anafundishwa nini kwao. Mwaka 2017 tuliambiwa waliopata mimba wasirudi shule. Novemba 2021 mlango ukafunguliwa. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba.

Turudi kwenye fedha.

Kijiti kimekuwa njia inayopendwa zaidi nchini. Kati ya 2015–16 na 2022 kiliipita sindano, kutoka kama asilimia 7 ya wanawake walioolewa hadi 14. Wengine watasema ni elimu. Elimu ilisaidia, ila kuna jambo lililofanyika mbali sana na vijiji vyetu. Mwaka 2013 wafadhili wakubwa walikubaliana na kampuni ya Bayer kwamba wao watadhamini ununuzi wa idadi kubwa, na kampuni itashusha bei ya Jadelle, kile kijiti cha miaka mitano, kutoka dola 18 hadi dola 8.50. Merck nao wakashusha cha kwao. Ghafla kitu kilichokuwa cha wachache kikaweza kusambazwa kwa mamilioni. Makubaliano yale yalibadili mikono ya wanawake wetu kuliko hotuba yoyote niliyoitaja jioni hii, na hakuna Mtanzania aliyeyapigia kura.

Aliye nje anayeweza kukufungulia mlango anaweza pia kuufunga. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na shirika la USAID, lililokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa bidhaa hizi kwa ajili ya Afrika, likavunjwa ndani ya mwaka huo. Julai ikafahamika kwamba shehena ya vidonge, vijiti, sindano na vitanzi yenye thamani ya dola milioni 9.7, iliyokwishalipiwa, imekwama ghalani Geel nchini Ubelgiji, na Marekani inapanga kuichoma moto. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zikiisubiri kwa wingi. Dola milioni 9.7, kwa nchi kadhaa. Ni fedha ambayo nchi yenye bajeti kama yetu haiwezi kusema haina. Inaweza tu kusema haikuitenga.

Jirani zetu wanatufundisha nini? Kenya ilianza programu ya taifa mwaka 1967, ya kwanza kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8; mwaka 2022 ni 3.4, sisi tukiwa 4.8. Lakini njiani walikwama. Fedha na macho vilipohamia kwenye UKIMWI, wastani uliokuwa 4.7 mwaka 1998 ulipanda hadi 4.9 mwaka 2003. Hakuna rais aliyewaambia watupe vidonge. Kabati lilipungukiwa tu, na takwimu zikafuata.

Ninachokitaka basi si kikubwa. Bidhaa za uzazi wa mpango ziwe na kasma yake katika bajeti ya Wizara ya Afya, isomwe Dodoma kwa sauti, na mwisho wa mwaka mbunge aulize ni shilingi ngapi zilitoka kweli na si ngapi zilipitishwa. Wafadhili waongeze juu ya hapo wakipenda. Maduka ya dawa muhimu, ambayo yapo hata pasipo na zahanati, yatumike zaidi ya kuuza vidonge na kondomu. Mwenye duka aliyefundishwa anaweza kumkabidhi mama ile sindano ya kujichoma mwenyewe nyumbani na kumwonyesha namna. Kwa wanaume sitahubiri. Nitasema tu kwamba Kigoma, si Masaki ya Dar es Salaam, ndiko wanaume walikojitokeza kufunga uzazi wakati mikoa mingine ikiona aibu, na walifanya hivyo baada ya kupata mganga mwenye ujuzi na wanaume wenzao waliotangulia kuwasimulia.

Na kuna deni ambalo tayari limeiva. Kila kijiti kilichowekwa lazima siku moja kitolewe, baada ya miaka mitatu au mitano, au kesho asubuhi kama mama amebadili nia. Kukiweka ni kazi ya dakika chache. Kukitoa kunataka ganzi, kisu kidogo, koleo, glavu safi na mkono uliozoea, hasa kikiwa kimezama au mama amenenepa. Vingi viliwekwa na timu za kutembelea vijiji zilizolipwa na miradi. Gari lilikuja, wanawake 40 wakapangwa mstari chini ya mwembe, gari likaondoka. Miradi mingine imekwisha. Wanaokuja sasa wanaambiwa waende hospitali ya wilaya, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi fedha ya kula ya siku mbili. Wapo wanaojaribu kukitoa wenyewe kwa wembe. Mganga Mkuu wa Wilaya aliyeko humu, nikipata nafasi baada ya chai, nitamwomba jambo moja: idadi ya zahanati zake ambazo leo hii zina mtu wa kukitoa.